Kipenga Kwenye Mti wa Akea

Sampuli kutoka shimo la machinjio ilifika maabara saa nne asubuhi ndani ya boksi la barafu, na wa kwanza kuilalamikia alikuwa mama mfagiaji, aliyesema kama hii ndiyo sayansi basi yeye anaomba ahamishiwe upande wa ofisi. Bi Herufi aliipokea kwa mikono miwili. Alifuta kizibo cha mpira kwa spiriti, akabandika namba, akaiingiza ile chupa kwenye kabati la kioo lisilo na oksijeni hata ya kuwashia kiberiti. Halafu akaenda kunywa chai, kwa kuwa viumbe waliokuwa ndani ya chupa hawana haraka, na yeye siku hiyo hakuona sababu ya kuwazidi.

Jina la Bi Herufi alilipatia kazini. Kila kiumbe hubeba ndani yake uzi mrefu ulioandikwa kwa herufi nne tu, zikijirudia kwa mpangilio wake, na uzi huo mzima ndio huitwa jenomu. Mashine huusoma vipande vipande. Kazi ya Bi Herufi ilikuwa kuviunganisha vile vipande mpaka uzi ukamilike. Alikuwa hodari, na wenzake walimtania kwamba mwanamume atakayetaka kumuoa itabidi aje na jenomu yake mkononi, isomwe kwanza, ndipo mahari izungumzwe.

Mwaka ule alikuwa akisoma akea. Akea si bakteria, ingawa ukiwatazama kwa hadubini utadhani ni mapacha. Ni ukoo wao wenyewe, wa kale mno, na wana kiburi chao. Wale wanaotengeneza gesi ya methani huishi pasipo hewa: tumboni mwa ng'ombe, kwenye tope la mabwawa, kwenye mashimo ya vyoo. Hewa hii tunayovuta sisi huwaua. Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa mtu mpole mwenye miwani aina mbili, ya kusomea na ya kuitafutia ile ya kusomea, na alikuwa ameapa kwamba hatastaafu kabla hajawaainisha wote, yaani kumpa kila akea tawi lake kwenye mti wa ukoo.

Shimo la machinjio lilimtoa udenda. Lilikuwa shimo kubwa la zege, limefunikwa miaka na miaka, likipokea kinyesi, damu na uchafu wa matumbo ya ng'ombe. Akea wa humo hula mabaki ya mabaki na kutoa gesi. Sehemu ya gesi hiyo huchemsha maji ya machinjio, na sehemu hujazwa kwenye mitungi na kuuzwa mtaani. Nyumba nyingi za mtaa ule zilipikia gesi ya shimo, na ya mama yake Bi Herufi ilikuwa mojawapo.

Sasa, maabara ile ilikuwa na desturi ambayo hakuna aliyewahi kuihoji. Kabla ya vipande kuunganishwa, kompyuta huamriwa itupe kila kilicho cha mwanadamu. Watu ni wachafuzi. Wanapiga chafya, wanasahau glavu, wanaongea juu ya chupa iliyo wazi. Ndiyo maana hata wafanyakazi wenyewe walikuwa wametoa mate yao yakasomwa, ili uchafu wao ukionekana ujulikane ni wa nani na mhusika aonywe. Sampuli za shimo zilishaletwa mara kadhaa huko nyuma, na kila mara mwanadamu alitupwa kwanza, na kila mara kilichobaki kilikuwa vijipande visivyoungana.

Safari hii Profesa alipata wazo. "Shimo limefungwa," alisema. "Mtu atafikaje humo? Kilichojaa humo ni ng'ombe. Toa ng'ombe, mwanadamu muache."

Bi Herufi akatoa ng'ombe, mwanadamu akamuacha. Vipande viliungana vyenyewe, vikafunga duara moja safi, jenomu nzima ya akea mmoja, na jeni zake za kutengeneza methani zilikuwepo zote. Katikati ya jeni hizo kulikuwa na maandishi marefu ya namna nyingine. Kompyuta iliyatazama ikatoa jibu lake la kila siku kwa maneno yake ya kila siku: uchafuzi, mhusika Bi Herufi, nusu.

"Umeikoholea," alisema Profesa.

"Sijaikoholea, Profesa."

"Basi umeipigia soga. Wewe mdomo wako tunaujua."

Bi Herufi akarudia kazi amevaa barakoa mbili. Jibu lilikuwa lilelile. Profesa akaamua kazi irudiwe na mwenzake, kijana mkimya wa meza ya jirani, na Bi Herufi akae nyumbani siku hiyo asikanyage hata ngazi za jengo. Alikaa nyumbani akafua mapazia. Jibu lilikuwa lilelile: nusu.

Hapo Profesa alivua miwani ya kwanza akavaa ya pili. "Basi si uchafuzi," alisema. "Ndivyo kiumbe mwenyewe alivyo." Akaagiza mti uchorwe. Kompyuta ilichora mti wa akea watengeneza methani: tawi la wa tumbo la ng'ombe, tawi la wa mabwawa, tawi la wa mchwa, na pembeni tawi jipya lililosimama peke yake. Upande wa kushoto, jirani wa karibu wa tawi hilo alikuwa akea mmoja wa tope. Upande wa kulia alikuwa Bi Herufi. Profesa alifurahi kama bwana harusi. Alisema tawi la namna hiyo linatosha kuanzisha jenasi mpya, kundi zima lenye jina lake, akaenda kununua soda za maabara nzima.

Bi Herufi hakunywa soda. Alikuwa akipiga hesabu ambayo mtu wa kazi yake hawezi kuikwepa. Anayefanana nawe kwa nusu ni mzazi wako, mwanao, au ndugu yako wa baba na mama mmoja. Mtoto hakuwa naye. Baba yake alikuwa kaburini, kazikwa na kuombewa mbele ya watu. Mama yake alikuwa nyumbani akichambua mboga. Ndugu alikuwa naye mmoja tu.

Huyo ndugu, mdogo wake, watu walimwita Kipenga kwa sababu ya mluzi wake, uliotangulia kuingia kila mahali alipokwenda. Alikuwa fundi wa mabomba kwenye mtambo wa gesi wa machinjio. Siku moja hakurudi nyumbani, na pampu ya mkono ya mtambo haikuonekana. Uongozi wa mtambo ulitangaza kwamba Kipenga ametoroka na pampu, ukabandika picha yake getini, na chini yake neno MWIZI kwa rangi nyekundu. Tangu hapo Mama alikuwa akienda dukani kwa njia ya uani. Baba alikufa bila kulitaja tena jina la mwanawe, na hiyo ilimuuma Mama kuliko kifo chenyewe. Mke wa Kipenga, wifi yake Bi Herufi, alirudi kwao na watoto, akisema anaweza kuishi na mume masikini lakini si na mume wa ukutani.

Bi Herufi alikaa juu ya pipa la taka, lilikuwa karibu, na mama mfagiaji akamletea maji bila kumuuliza. Kwamba ndugu yake alikuwa amekuwa akea, hilo alilipokea kama anavyopokea jibu lolote lililothibitishwa mara tatu. Kilichomkata maini ni pale alipokuwa. Walimtafuta hospitali zote, vituo vya polisi, mipakani, kwa waganga na kwa manabii, na kumbe alikuwa mtaa wa pili, chini ya mfuniko, na wao wanapita juu yake kwenda kununua nyama.

Alimwambia Mama jikoni. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja umeshika mwiko.

"Kwa hiyo hakwenda mbali," alisema Mama.

"Hakwenda popote, Mama."

"Na hakuwaibia watu."

"Sidhani. Pampu nadhani anayo hukohuko."

Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha macho yake yakateremka kwenye jiko, kwenye moto wa buluu chini ya sufuria, na kwenye mpira uliotoka kwenye mtungi. Bi Herufi alimuona akielewa. Alitamani amzibe macho, lakini mtu aliyekwisha kuelewa huwezi kumziba. Mama alipiga ukelele mmoja mfupi, wa mtu aliyeungua, akazima jiko. Chakula cha siku hiyo hakikuiva, na kwenye nyumba ile hakikupikwa tena kwa gesi.

Asubuhi yake Mama alikwenda maabara. Walinzi walimpa kitambulisho cha mgeni na koti jeupe lililomfika vifundoni. Bi Herufi alimuonyesha chupa ndani ya kabati la kioo: maji meusi kidogo, kizibo cha mpira, na juu yake geji ndogo inayopima gesi inavyoongezeka. Akea yule alikuwa mvivu. Kwa kawaida mshale wa geji ulichukua wiki kusogea unywele mmoja.

"Kipenga," aliita Mama.

Mshale ulisogea.

"Ni mimi mama yako."

Mshale ulisogea tena. Profesa alikuja, akatazama, akavuta kiti. Alimuomba Mama anyamaze kidogo, na mshale ukatulia. Akamuomba aseme jambo lolote lisilo na maana, Mama akataja siku za wiki, mshale ukatulia vilevile. Akamuomba aite jina. Mshale ulipanda. Profesa alisema hiyo ni tabia ya kiumbe na itaingia kwenye maelezo yake rasmi, kifungu cha mwitikio, na akamshukuru Mama kwa ushirikiano wake. Mama hakumsikia. Alikuwa amebandika shavu kwenye kioo akilia na kumgombeza mwanawe kwa kukaa kimya muda wote ule, na mshale ulipanda na kushuka kama mtu anayetaka kujibu mengi kwa pumzi moja.

Bi Herufi alikwenda polisi. Ofisa wa zamu aliisoma ripoti yote, akaigeuza, akasoma na nyuma. Hakuwa na shida na sayansi yake. Shida ilikuwa moja tu.

"Hapa umeandika kiumbe yu hai," alisema.

"Yu hai."

"Sasa, dada yangu, kama yu hai, kesi ya kifo naifungua vipi?"

Alimshauri azungumze na mwajiri, maana jambo lenyewe lilionekana kuwa la kikazi zaidi.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha mikutano cha mtambo wa gesi. Kiyoyozi kilidondosha maji ndani ya ndoo. Meneja wa mtambo alichelewa kidogo akaomba radhi. Alikuwa mtu wa adabu, alimwamkia Mama shikamoo na kumvutia kiti. Profesa alikuwepo kwa sababu ya sampuli. Bi Herufi aliutandaza ule mti mezani, akaonyesha tawi, akaeleza. Alikuwa amejiandaa kukanwa. Alikuwa na majibu ya kila pingamizi, ameyapanga usiku kucha.

"Tulijua," alisema Meneja.

Ndoo ilipokea matone yake.

"Nyapara alinipigia simu palepale," aliendelea Meneja. "Bomba la ndani liliziba. Kijana akashuka kulizibua, gesi ikamlaza. Nyapara akamwita, hakuitika. Akafunika."

"Akafunika," alisema Bi Herufi.

"Mfuniko ukikaa wazi, hewa inaingia. Wale wadudu wanakufa, na kuwaotesha upya ni miezi. Machinjio hayana maji ya moto, mtaa hauna gesi. Wewe ni mtaalamu, unajua zaidi yangu."

"Ni kweli," alisema Profesa kwa mazoea ya darasani. "Oksijeni inawaua." Kisha akasikia alichokisema, akainamisha uso, akaanza kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

Mama alisogeza kiti mbele. "Baba," alimwambia Meneja, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya kuuliza njia. "Wakati anafunika, mwanangu alikuwa ameshakufa?"

Meneja alifungua chupa ya maji iliyokuwa mbele yake. "Hilo, Mama, hatukupata nafasi ya kulithibitisha."

Bi Herufi aliona vidole vyake mwenyewe juu ya meza na hakuvitambua. Aliwahi kusikia watu wakisema damu imeganda, akadhani ni maneno tu. Alitaka kupiga kelele, alitaka kumrukia yule mtu na adabu zake, na mwili ukamkatalia. Ulikaa pale kwenye kiti cha wageni umenyooka, kama wa mtu anayesubiri kupigwa picha. Miaka yote ile walikuwa wakimuomba Mungu amrudishe Kipenga alikotorokea, na hawa walikuwa wakijua, wakiwapokea getini, wakiwapa pole.

"Kwa nini mlimwita mwizi?" aliuliza alipoweza.

"Ilibidi tuseme kitu. Mtu hayupo, pampu haipo." Meneja aligeuza ule mti wa akea akautazama upande wake. "Lakini sisi ni watu wa haki. Kama yumo shimoni, basi yuko kazini. Tutamfutia utoro. Hilo ninawaahidi leo."

"Na wizi?"

"Wizi ni jambo la pampu. Pampu haijaonekana."

"Imo humo! Alishuka nayo!"

"Huenda. Lakini mpaka tuione."

"Basi fungueni," alisema Mama.

Hapo Meneja alimtazama Profesa, na Profesa hakuwa na pa kutazama. Alieleza taratibu, kwa maneno ya kumfaa mzazi. Akea huyu hajaonekana mahali pengine popote duniani. Shimo likifunguliwa ataingiwa na hewa, na atakufa, safari hii kabisa. Alivyo sasa, alisema, Kipenga ni shimo zima. Kufungua ili wamzike ni kumuua ili wamzike.

"Kwa hiyo, kwa namna fulani," alisema Meneja kwa upole, "sisi ndio tunaomtunza."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mama alitembea katikati ya njia na hakupita uani. Usiku ule hakuna aliyelala, na kulipokucha Mama alikuwa na neno moja tu: aulizwe mwenyewe. Mtu mzima haamuliwi mambo yake na mkutano. Bi Herufi alimpelekea Profesa ombi hilo, na Profesa, ambaye tangu kikaoni alikuwa halali vizuri, alikubali. Waliitoa chupa kabatini wakaiweka mezani mbele ya Mama. Mfanyakazi wa meza ya jirani alisimama na kalamu tayari kusoma geji.

Mama alianza mbali, kama inavyotakiwa. Alimpa habari za nyumbani: baba yake amefariki, mkewe yuko kwao, watoto wamekuwa wakubwa na mmoja anapiga mluzi mpaka walimu wamechoka. Mshale ulipanda kidogo kidogo. Kisha akavuta pumzi.

"Mwanangu, wanasema nikikufungulia utakufa. Wanasema nikikuacha utaishi. Mimi ni mama yako, siwezi kuchagua hapo. Sema wewe. Unataka nikufungulie?"

Mshale uliondoka pale ulipokuwa ukaenda mpaka mwisho wa namba, ukapita namba, ukagonga kigingi. Mfanyakazi aliacha kuandika. Kizibo cha mpira kilivimba katikati. Profesa alinyoosha mkono na kusema jambo ambalo hakulimaliza, kwa kuwa kizibo kiliruka kikagonga dari, na kutoka kwenye shingo ya chupa gesi ilitoka kwa mluzi mrefu, wa sauti mbili, wa kupanda na kushuka. Wote waliusikia. Mama mfagiaji, ambaye alikuwa koridoni na hakuwahi kumjua Kipenga, alisema baadaye kwamba alidhani kuna mtu anarudi nyumbani kwake na amefurahi.

Kisha mluzi ukakatika. Hewa ilikuwa imeingia. Bi Herufi alichukua tone akaliweka chini ya hadubini, maana ndiyo kazi yake, na akaona alichojua atakiona. Hakuna kilichosogea.

"Amejibu," alisema Mama. Alikuwa amekamata chupa kwa viganja vyote viwili. "Mmemsikia wote. Amejibu."

Walimsikia wote, na hakuna aliyebisha. Profesa aliandika ripoti ya ukweli mtupu. Aliandika kwamba kiumbe aliulizwa na mama yake kama anataka kufunguliwa, kwamba alijifungua mwenyewe, na kwamba alipokutana na oksijeni alikufa mara moja. Ripoti ilikwenda mtamboni, ikaenda wizarani, ikaenda kwenye kamati ya kimataifa inayoidhinisha majina ya viumbe vidogo. Huko kote ilisomwa kwa makini, na huko kote kilichochukuliwa ni sentensi ya mwisho. Sasa ilikuwa imethibitishwa kwa jaribio: hewa inamuua. Kwa kuwa chupa ya maabara imepotea, shimo ndilo makazi pekee ya jenasi nzima. Amri ilitoka kwamba mfuniko usifunguliwe kwa sababu yoyote ile. Mtambo uliweka ua wa chuma kuzunguka shimo, na getini likatundikwa bango la kijani la hifadhi ya kiumbe adimu, pembeni ya picha ya Kipenga. Picha haikuguswa. Neno MWIZI lilikuwa limefifia, wakalipaka upya siku walipokuwa wakipaka ua.

Mama aliruhusiwa kuichukua ile chupa tupu baada ya kuchemshwa, kama taratibu zinavyotaka. Aliizika kando ya kaburi la mumewe. Waombolezaji walikuja wachache, wakasimama, wakaomba dua, wakatia udongo. Hakuna aliyeona ajabu kwamba maiti ilitosha kwenye kiganja. Lakini walipomwambia Mama kwamba angalau sasa amemzika, alikataa.

"Nimezika chupa," alisema. "Mwanangu alikuwa mtu mzima."

Jina lilipitishwa baada ya mvua. Sheria za uainishaji humpa heshima aliyeitunza sampuli, na hivyo jenasi ilipewa jina la mwenye mtambo, likatiwa mkia wa Kilatini. Bi Herufi ndiye aliyelipeleka nyumbani. Mama alimwomba alitamke tena polepole, kisha mara ya tatu. Aliweka mkono kifuani, kama aliyepigwa ngumi asiione iliyompiga.

"Yule mwenye shimo walilomfunikia," alisema. "Ndiye sasa baba yake?"

Bi Herufi alikuwa hajamaliza habari. Jina la kiumbe halikamiliki mpaka chupa zenye kiumbe hai ziwekwe kwenye hazina mbili za kuhifadhi viumbe, za nchi mbalimbali, na kesho yake sampuli mpya ingevutwa kwa bomba jembamba kutoka shimoni, bila mfuniko kuguswa. Baada ya tukio la kizibo Profesa alikuwa ameagiza mipira minene zaidi na pete za chuma za kubana juu yake. Kazi ya kubana ilikuwa ya meza ya Bi Herufi. Alisema ataikataa. Alisema afadhali aache kazi akauze mkaa.

Mama alifikiri. "Wakikosa wewe wataacha?"

"Hapana. Atapewa mwingine."

"Basi usimuachie mwingine amshike."

Kwa hiyo kesho yake saa nne asubuhi, wakati mama mfagiaji anafungua madirisha ya koridoni, Bi Herufi alivaa glavu akazipanga chupa mpya ndani ya kabati la kioo. Aliwasalimu kwa sauti ndogo, kwa jina la nyumbani, akawaambia Mama anasalimia. Mishale yote ilipanda pamoja. Alichukua koleo akaweka pete ya kwanza, akabana. Akaweka ya pili, akabana. Mikono yake ilifanya kazi safi, kama ilivyofundishwa. Alipofika chupa ya mwisho, mishale yote ilikuwa imegonga kigingi na vioo vinalia kwa kishindo kidogo cha ndani. Alirudi nyuma hatua moja akazitazama, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe aliomba kazi yake iwe imeharibika.

Vizibo vilishika.